Ekseli za Lori Lililozama

Ninyi vijana mnaojenga magari ya porini siku hizi mnanifurahisha na kunikera kwa wakati mmoja. Juzi mmoja wenu kule Nyegezi alinionyesha gari lake, amelinyanyua mpaka kuliingia unahitaji ngazi. Matairi makubwa, taa mbele na juu, rangi ya kung'aa. Nikainama kutazama chini. Ekseli ni zile zile lililozaliwa nazo. Nikamwambia, mwanangu, umemvisha mgonjwa koti. Alicheka kwa adabu, kama mnavyotucheka wazee, akasema atazibadilisha akipata nafasi.

Akipata nafasi! Gari la porini huanzwa kujengwa kutoka chini kwenda juu, hata kama sifa zote ziko juu. Injini ikifa, utasimama njiani umngoje mtu mwema. Ekseli ikivunjika katikati ya korongo, hungoji mtu, unangoja maji. Mimi nilikuwa fundi wa karakana ya umma hapa Mwanza miaka ya Ujamaa, karakana iliyokuwa chini ya Nyamagana kuelekea ziwani, na magari niliyoyajenga kwa vipande vya marehemu ni mengi. Vipuri vilikuwa hadithi. Ukitaka ekseli, uliitafuta kwenye gari lililokufa, ukachagua kama anavyochagua mchumba yule aliyekwisha kudanganywa mara moja.

Basi niwaambie nilivyokuwa nachagua. Kwanza, jua mzigo umebebwa na nini. Kuna ekseli ambayo shafti inayozungusha gurudumu ndiyo hiyo hiyo inayobeba uzito wa gari. Hiyo ikikatika, gurudumu huondoka nayo, na utaliona likikupita barabarani ukabaki kujiuliza ni la nani. Nyingine, uzito umebebwa na bomba la nje, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Hiyo unafungua bolti, unaichomoa shafti, unaiweka begani, na gari limesimama pale pale kwa magurudumu yake. Ya porini ni hii ya pili. Asikudanganye mtu.

Halafu hesabu. Nyanyua, weka alama ya chaki, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja, mwenzako ahesabu propela, ile fimbo inayotoka kwenye gia, imezunguka mara ngapi. Ekseli ya mbele na ya nyuma zisipotoa hesabu moja, zitagombana kama wake wenza wa jiko moja, na gia itakayovunjika ni ile ya katikati isiyo na kosa.

Upana nao watu huusahau. Kule kwenye mbuga za udongo mweusi, malori ya pamba yanachimba mifereji miwili wakati wa mvua. Gari lako likiwa jembamba kuliko mifereji, upande mmoja unapita shimoni na mwingine mgongoni, unaendesha umelalia mlango. Na usichukue ekseli nzito kupita kiasi kwa ajili ya sifa, maana gari dogo litarukaruka kwenye kila jiwe kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Hayo yote nilifundishwa chuoni. Lililobaki nilifundishwa na Mzee Sefu, nikalikataa.

Mzee Sefu alikuwa mtoto wa mjini, baba yake fundi, babu yake fundi, na ukimwuliza kabila anakwambia Mwanza. Mfupi, mpole, jicho la kushoto limepata ukungu kwa ajili ya kuchomelea. Alinipokea karakanani nikiwa sijui kutofautisha spana na kijiko. Alikuwa na desturi moja. Gari ambalo mtu amefia ndani yake, hakulifungua bolti hata moja kabla ya kupiga hodi. Alichukua nyundo ndogo, akaligonga bomba la ekseli mara tatu, ngo, ngo, ngo. "Hodi," akasema. Kisha akainamisha sikio karibu kabisa na chuma, akangoja. Akahamia upande wa pili, akafanya vile vile. Akiridhika, alisema bismillahi na kazi ikaanza. Asiporidhika alisimama, akajifuta mikono, akasema, "Hii iacheni." Na tuliiacha, hata kama ilikuwa inang'aa kama mpya. Hakuna aliyemwuliza anasikia nini. Gari la marehemu, nani anataka kujua?

Mimi nilipelekwa kozi Dar es Salaam, nikarudi na cheti na kichwa kikubwa. Siku hizo kulikuwa na mikutano ya wafanyakazi, kila mtu ndugu, kila mtu ana haki ya kusema. Nikasimama. Nikasema, "Ndugu wafanyakazi, hatuwezi kujenga taifa huku tunavibishia hodi vyuma. Huu ni ushirikina, na tunaufanya kwa zana za umma." Walicheka, wakapiga makofi. Nikaona raha. Mzee Sefu alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono magotini. Baada ya wiki moja hodi ilipigwa marufuku na yeye akahamishiwa getini kuwa mlinzi. Nilikuwa nikimpita kila asubuhi, "Shikamoo mzee," naye, "Marahaba, mwanangu," sauti ile ile. Nawaambia mjue kwamba ni mimi niliyemtoa kwenye kazi yake, si mtu mwingine.

Sasa, dada yangu. Koku alikuwa ananifuata kuzaliwa. Sisi ni watu wa Bukoba, lakini yeye aliolewa na Msukuma, Mwalimu Masanja, wakakaa katika kijiji kimoja cha Ujamaa ndani huko upande wa Magu. Watu walikuwa wamekusanywa pamoja, shule ipo, kisima kipo, hospitali hakuna. Mimba mbili za Koku zilikuwa zimeishia njiani, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kwenye tope. Ya pili yeye mwenyewe almanusura. Aliposhika mimba ya tatu, daktari alimwambia Masanja waziwazi kwamba huyu mama akichelewa tena, msihangaike kumleta.

Kijiji kiliomba gari la wagonjwa. Wilaya ikatoa kiunzi cha gari dogo lililopinduka, injini yake nzima, ekseli zake zimepindika kama miguu ya ndama. Karakana ikaulizwa nani atalijenga kabla ya masika. Nikanyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Nilizunguka mji mzima. Ekseli za mbele na nyuma, pea moja, hesabu moja, upana wa mifereji ya malori, mzigo kwenye bomba. Zilikuwepo mahali pamoja tu. Kulikuwa na lori dogo la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lililoteleza kinyumenyume kivukoni likiwa na watu juu ya marobota ya pamba, likazama nao. Baadhi waliogelea, baadhi hapana. Lilivutwa nje baada ya kiangazi kizima, likaachwa ufukweni katikati ya majabali. Hakuna aliyeling'oa hata kioo. Wanawake waliofua pale walihamia mbali. Ndege wa ziwani walitua kwenye kila jabali, lakini juu ya lile lori sikumwona hata mmoja.

Tulikwenda asubuhi, mimi na mafundi wawili, na Mzee Sefu, kwa sababu vyombo vya karakana havikutoka bila mlinzi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na ziwa halikuwa na hata sauti ya wimbi. Niliingia chini nikiwa na spana. Matope yalikuwa yamekauka, lakini mgongo wangu ukalowa. Nikamsikia Mzee Sefu amechuchumaa karibu na gurudumu.

"Rweye."

"Naam, mzee."

"Piga hodi."

"Mzee, hilo tulilimaliza mkutanoni."

"Mkutano uko wapi hapa? Mimi na wewe na hili. Piga mara tatu tu, usikilize."

Wale mafundi wawili walikuwa wanatazama. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Ningepiga, karakana nzima ingejua mchana ule ule kwamba Rweyemamu wa cheti naye anabisha hodi. Nikasema, "Chuma ni chuma, mzee," nikaifungua bolti ya kwanza. Ilifunguka bila hata kubisha, bolti iliyokaa majini kiangazi kizima, kama iliyofungwa jana.

Mzee Sefu akainuka. "Haya," akasema. "Usipobisha wewe, litabisha lenyewe."

Tulizisafisha zile ekseli kwa mafuta ya taa. Ndani kulikuwa na maji na matope, jambo la kawaida. Meno mazima, beringi nzima, ajabu. Nikafunga, nikajaza oili, nikaziweka juu ya magogo. Asubuhi yake chini ya ekseli ya nyuma kulikuwa na maji. Si oili, maji, kiasi cha kujaza kiganja, yana harufu ya ziwani. Nikabadilisha sili, ile pete ya kuzuia oili isivuje. Kesho yake, maji tena. Sakafu ya saruji, kiangazi, paa halivuji. Mafundi wakaanza kuzunguka mbali wakipita. Nikasema ni umande. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie.

Gari likakamilika. Lilikuwa zuri, sioni aibu kusema. Nyuma nilifunga turubai na mabenchi mawili, moja pana la mgonjwa. Nikalipeleka kulijaribu barabara ya Nyegezi, na hapo ndipo nilipolisikia mara ya kwanza. Kutoka nyuma, chini ya benchi. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Nikapunguza mwendo, kimya. Nikaongeza, kimya. Nimeshasahau, ngo, ngo, ngo.

Mafundi mnajua, chuma kibovu kina tabia. Jino likivunjika linagonga kila mzunguko. Beringi ikifa inalia kwa mwendo na inatulia kwenye kona. Hiki hakikufuata mwendo, wala kona, wala mzigo. Kiligonga mara tatu, kikangoja kama mtu anayengoja kufunguliwa. Niliifungua ile difu, boga la gia katikati ya ekseli, mara tatu, nikalimulika kila jino. Hakuna kitu. Getini Mzee Sefu alikuwa ananitazama nikiingia na kutoka, na ulimi wangu ulikuwa mzito kumwuliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kabla guu halijavunjika anapenda kwanza kujifanya hajui kuna guu.

Nikalipeleka gari kijijini mwenyewe, nimfundishe dereva wao. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Masanja akaja mbio kutoka nyumbani kwake na chaki bado mkononi. "Shemeji, imeanza. Kabla ya siku zake."

Tukamlaza Koku kwenye benchi. Bibi Nyanzala, mkunga wa kijiji, akakaa miguuni kwake. Mimi kwenye usukani, Masanja pembeni yangu. Wingu lilikuwa limefunga upande wote wa Magu, na mwanga wa saa nane ukawa kama wa machweo. Udongo mweusi ulikuwa umeanza kunyonya matairi, lakini gari lilikaa kwenye mifereji, likavuta. Nikawa nazungumza peke yangu, vuta, vuta, mama, vuta.

Ngo, ngo, ngo.

Masanja akanitazama. "Nini hicho?"

"Mawe," nikasema. Kule hakuna mawe, na yeye ni mwenyeji wa kule.

Ngo, ngo, ngo. Safari hii kwa nguvu, mpaka bodi ikatetemeka. Nikamsikia Koku nyuma, katikati ya uchungu wake, kwa ile sauti yetu ya kulelewa vizuri, sauti ya mtu aliyesikia mlango wake ukigongwa: "Karibu."

Na kugonga kukakoma.

Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kimya kile. Tangu Nyegezi nilikuwa nimezoea kungoja mlio unaofuata, na sasa nilijua, sijui kwa namna gani, kwamba hautakuja. Korongo lilikuwa mbele yetu, hatua hamsini, maji ya kahawia yanapita magotini. Nikasimamisha gari.

"Unasimama nini?" Masanja akapiga kelele. "Shemeji, unasimama nini?"

Nikachukua nyundo, nikaingia chini kwenye tope. Nikaligonga bomba la kushoto mara tatu, nikasema hodi, ndiyo, nilisema, kwa sauti, na shemeji yangu ananisikia. Likalia safi, kama kengele ya shule. Nikahamia kulia. Nikagonga. Likatoa sauti ya mtungi ulioatuka.

Nikafuta tope kwa kiganja. Pale springi inapokalia bomba, kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka zaidi ya nusu. Ulikuwa na kutu ya zamani kwa ndani na weupe mpya kwenye ncha. Ulikuwepo tangu ufukweni. Tungeshuka kwenye lile korongo, bomba lingekatika maji yakiwa yanatusukuma, na dada yangu amelala chali kwenye benchi.

Sikilizeni nilivyofanya, huenda yakawafaa. Masanja alikata gogo la mgunga lililonyooka. Nikalilaza chini ya bomba, nikalifunga kwa mnyororo wa kuvutia, nikaukaza kwa jeki mpaka chuma kikalia. Nikazichomoa shafti zote mbili za nyuma, nikaziba matundu kwa gunia na grisi, ili ekseli ya nyuma ibaki kubeba tu na ile ya mbele ivute peke yake. Hiyo ndiyo faida ya ekseli ya mzigo kwenye bomba, na kama ningechagua ile nyingine tungelala pale. Kazi ile inataka nusu siku. Niliifanya kwa muda ambao sikuupima, kwa sababu juu ya kichwa changu dada yangu alikuwa anazaa. Nilimsikia akilia, nikamsikia Bibi Nyanzala akimwambia kwa Kisukuma asukume. Nikasikia kimya. Nikaacha kukaza. Nililala kwenye lile tope nikilia, mwanaume mzima na spana mkononi, nikimwambia Mungu achukue cheti, achukue mikono, achukue chochote anachotaka kwangu.

Mtoto akalia.

Tulivuka korongo polepole, Masanja ametangulia kwa miguu akipima kina, na tukafika hospitali ya Magu mvua ikitupiga. Koku alikuwa ametokwa na damu nyingi. Walimpokea mikononi mwetu, mlango ukafungwa.

Mwezi uliofuata nilisimama tena kwenye mkutano wa wafanyakazi, nikasema nilichokifanya na kilichonipata. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee Sefu alirudishwa kwenye benchi lake la ufundi. Jioni nikaenda kwake kumwomba radhi, akanikatiza.

"Unadhani mimi naongea na wafu? Naswali mara tano. Ile hodi ni ya kutafuta ufa. Chuma kizima kinalia, chenye ufa kinakoroma. Baba alinifundisha hivyo, kwa sababu ukimwambia kijana asikilize chuma atasikiliza nusu. Mwambie asikilize maiti, atasikiliza kwa mwili mzima."

"Basi kumbe ule ufa ndio uliokuwa unagonga."

Mzee Sefu akaweka kikombe chini. "Ufa haugongi, mwanangu. Ufa hukaa kimya mpaka siku yake."

"Lakini wewe ulisema litabisha lenyewe."

"Nilikuwa nimekasirika," akasema. "Nilitaka kukutisha tu."

Hatukulizungumza tena. Tulifanya kazi pamoja mpaka alipostaafu, na kila ekseli iliyopita mikononi mwetu tuliigonga, ya marehemu na ya mzima. Nanyi fanyeni hivyo. Nyundo ndogo, mara tatu kila upande, sikio karibu. Ukiona haya kusema hodi, sema kimoyomoyo.

Lakini nimeruka. Siku tatu baada ya safari ile walituruhusu kumwona Koku. Alikuwa amekonda, midomo imekauka, lakini macho yake yalikuwa macho yake. Mtoto, msichana, alikuwa amelala kifuani kwake. Masanja akapiga magoti kando ya kitanda. Mimi nikasema upuuzi fulani, nadhani kuhusu uji.

Koku akatazama nyuma yangu, mlangoni, kama anayemngoja mtu wa mwisho.

"Kaka, yule mama alishukia wapi?"

"Mama yupi? Bibi Nyanzala yuko nje."

"Si bibi. Yule uliyempakia njiani. Alibisha hodi nikamkaribisha, akakaa kichwani kwangu. Alinishika mkono mpaka mtoto akatoka. Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa, lakini hakuuachia."

Masanja aliinamisha uso kwenye shuka. Nilikuwa nimelifunga lile turubai kwa mkono wangu, na hatukusimama mahali popote isipokuwa pale korongoni.

"Alishukia Magu," nikasema.

Koku akafumba macho. Alionekana kusikitika.

"Ungemfikisha kwao, kaka," akasema. "Hakuwa na viatu."